Maswali Yenu: Sifuri iliyopotea kwenye orodha ya wakulima

Mbukwenyi, wasomaji wangu wa Dodoma, Singida na popote safu hii inapofika. Barua za mwezi huu zina kilio kimoja: faili limetoka kwangu zima, limefika kwa mwenzangu limevurugika. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu jambo hilo liliwahi kunikuta, na kwa sababu nyuma ya kila mstari wa orodha kama ile yupo mtu anayesubiri hela yake.

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa zabibu huku Mpunguzi. Mfumo wetu wa mzani unatoa faili la CSV (orodha ya maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato) lenye namba ya mwanachama, jina, kitongoji, simu, namba ya NIDA, kilo na malipo. Mhasibu wa mjini amenirudishia akisema simu zote hazina sifuri ya mwanzo, namba za NIDA zina herufi E katikati, na malipo yamekatika, mengine vipande viwili, mengine vitatu. Nami nikilifungua kwangu naona hivyo hivyo. Je, mfumo umeharibika? Tumebakiza siku tano tuanze kulipa.
*Karani, Mpunguzi*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kama faili hilo bado liko wazi mbele yako, lifunge, na kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi mabadiliko, kataa. Halafu rudi kwenye mfumo wa mzani utoe faili jipya. Uharibifu huingia pale mtu anapohifadhi alichokiona.

Sasa libofye faili hilo jipya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na ulifungue kwa Notepad, si kwa Excel. Nimeacha majina, simu na NIDA za watu, lakini mistari yako inafanana na hii:

namba,kitongoji,kilo,malipo
041,Mnadani,625,1,250,000
042,Kati,96.5,193,000

Soma polepole kama unavyosoma risiti ya mzani. Mstari wa vichwa una mikato mitatu, yaani safu nne. Mstari wa 041 una mikato mitano, yaani safu sita. Wa 042 una minne. Wewe na mimi tunajua kwamba 1,250,000 ni milioni moja na robo, kwa kuwa tumezoea kuandika shilingi namna hiyo. Kompyuta haijui shilingi, inahesabu mikato tu. Kwa hiyo mwanachama 041 amepewa shilingi moja, kisha 250 kwenye safu isiyo na jina, kisha sifuri tatu kwenye safu nyingine isiyo na jina. Mfumo wako haujaharibika. Umeandika mkato wa kutenganisha safu na mkato wa kutenganisha maelfu kwa alama ile ile.

Ingia kwenye mipangilio ya kutoa faili. Mifumo mingi ina sehemu ya kuamua mambo matatu: kitenganishi cha safu, alama ya kuzungushia maandishi, na kama vichwa viandikwe au la. Ukiwasha alama ya kuzungushia, mstari utatoka hivi:

041,Mnadani,625,"1,250,000"

Mikato iliyo ndani ya alama za usemi haihesabiwi tena. Hiyo ndiyo kazi ya alama hizo, na utazihitaji pia kwa mwanachama aliyejiandikisha kwamba anakaa "Mnadani, nyuma ya mashine". Na kama ndani ya maelezo kuna alama za usemi zenyewe, kila moja huandikwa mara mbili mfululizo ili isidhaniwe ndiyo ya kufungia:

"Shamba la ""Bondeni"", Mnadani"

Lakini kwa fedha mimi nashauri uondoe mikato yote. Andika 1250000, acha. Na ile /= tunayoipenda mwishoni mwa bei iondoke kabisa kwenye safu ya malipo, kwa sababu ikibaki pale kiasi kinasomwa kama maneno na hutaweza kukijumlisha. Mkato wa maelfu na /= vina mahali pake, napo ni kwenye stakabadhi anayopewa mkulima.

Tuje kwenye sifuri. Faili la CSV ni maandishi matupu. Halina mahali pa kusema kwamba safu hii ni simu na ile ni kilo. Ukilibofya mara mbili, Excel inaamua yenyewe: chochote chenye sura ya namba inakigeuza kuwa namba. Simu inayoanza na 07 ina sura ya namba, na namba haina haja ya sifuri mbele, basi inabaki na tarakimu tisa badala ya kumi. Mwanachama wako 041 naye anakuwa 41.

NIDA ni mbaya zaidi. Namba ile ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Tano za mwisho inazifanya sifuri, kisha inaonyesha kifupisho chenye E. Ukihifadhi faili kama CSV katika hali hiyo, kinachoandikwa ni kile kifupisho, na tarakimu zilizopotea hazirudi. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo waliozaliwa siku moja wanaanza sawa, na tarakimu zinazowatofautisha ziko huko mwishoni, ndizo hizo zinazofutwa. Hapa kuna nafuu moja ndogo: NIDA ikiandikwa pamoja na vistari vyake, kama ilivyo kwenye kitambulisho, Excel inaiona ni maandishi na inaiacha salama.

Njia ya kulifungua ni hii. Fungua Excel ikiwa tupu, nenda sehemu ya Data, chagua kuleta data kutoka faili la maandishi au CSV. Litatokea dirisha linaloonyesha mistari ya mwanzo. Hapo weka usimbaji, yaani namna kompyuta inavyoandika herufi, uwe UTF-8, weka kitenganishi kuwa mkato, na kwenye kipengele cha kutambua aina za data chagua isitambue. Kila safu itaingia kama maandishi, sifuri zote zikiwa mahali pake. Kisha wewe mwenyewe ugeuze kilo na malipo kuwa namba, hizo mbili tu. Kanuni ninayowafundisha makarani wangu ni kujiuliza: namba hii nitaijumlisha? Kama hutaijumlisha, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na jina halipunguzwi.

Anayetumia LibreOffice, programu ya majedwali kama Excel, ana bahati, maana dirisha la mipangilio hujitokeza lenyewe kila anapofungua CSV. Abofye kichwa cha safu ya simu kwenye onyesho la chini, achague aina ya maandishi, afanye vivyo hivyo kwa NIDA na namba ya mwanachama.

Nilisema liliwahi kunikuta. Nilikuwa mwaka wangu wa pili kwenye chama kimoja cha wakulima, msimu wa Agosti. Niliifungua orodha ya malipo kwa kubofya mara mbili ili nisahihishe jina moja tu lililokosewa. Nikasahihisha, nikahifadhi, nikaituma. Malipo ya simu yakakwama. Aliyepokea orodha upande wa pili naye alikuwa ameongeza sifuri mbele ya kila namba bila kuangalia, hata zile zilizoandikwa kwa 255, nazo zikaharibika. Tulikaa siku nne tukipiga simu kwa mtu mmoja mmoja kutoka kwenye daftari la mzani. Mama mmoja wa Hombolo alikuja ofisini mara tatu kuulizia hela ya ada ya mtoto. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Aliketi kwenye benchi akatazama mlangoni. Mpaka leo sijahifadhi faili la malipo bila kutazama kwanza sifuri za safu ya simu.

Kwa hiyo, mwanangu, kutengeneza kwako peke yako hakutoshi. Mipangilio haisafiri ndani ya faili, na mhasibu akilibofya mara mbili kule mjini sifuri zitaanguka upya. Mtumie faili pamoja na maelezo mafupi: kitenganishi ni mkato, maandishi yamezungushiwa alama za usemi, usimbaji ni UTF-8, namba ya mwanachama, simu na NIDA zisomwe kama maandishi, mistari ni mingapi bila kichwa, na jumla ya kilo ni ngapi. Mwombe akishafungua akurudishie hesabu mbili za mwisho kabla hajagusa kitu. Zikilingana, lipeni. Siku tano zinatosha.

SWALI

Habari za kazi, dada. Ninaratibu mradi wa alizeti hapa Dodoma na wenzetu wako Ujerumani. Mafaili yao ya CSV kwangu yanafunguka yote kwenye safu moja, yamejaa nuktamkato (;). Ya kwangu nayo kwao hayafunguki vizuri. Nani kati yetu anakosea? Na kuna jambo linanitisha: ghala letu la Kongwa, ambalo kwenye jedwali lao lilipokea kilo 1.250, kwangu linasomeka kilo moja na robo.
*Mratibu, Dodoma mjini*

JIBU

Nzuri, kaka, na umefanya vyema kutishika.

Hakuna anayekosea. Wajerumani huandika desimali kwa mkato na maelfu kwa nukta. Kilo mia tatu na kumi na mbili na nusu kwao ni 312,5, na kilo elfu moja mia mbili na hamsini ni 1.250. Mkato ukishachukuliwa na desimali, hauwezi tena kutenganisha safu bila kuleta fujo, ndiyo maana kompyuta zao huweka nuktamkato. Excel haina ubishi wake katika hili, inafuata mipangilio ya eneo iliyomo kwenye Windows, ambako kuna alama ya desimali, alama ya maelfu na kitenganishi cha orodha. Kompyuta yako ina yake, ya kwao ina yake, na jina CSV limebaki lile lile kwa yote mawili ingawa maana yake ni thamani zilizotenganishwa kwa mikato. Oktoba 2005 ulitoka waraka uitwao RFC 4180, ambao uliandika desturi iliyokuwa imeenea: mkato kati ya safu, alama za usemi za kuzungushia, kichwa ukipenda. Lakini uliandika desturi tu. Haukumlazimisha mtu, na mafaili ya nuktamkato yanaendelea kuzaliwa kila siku.

Data kurundikana kwenye safu moja ni kosa la heri. Unaliona papo hapo, unachagua nuktamkato kwenye dirisha la kuleta data, limekwisha. Lile la ghala la Kongwa ndilo la kuogopa kwa sababu halipigi kelele. Nukta yao ya maelfu kwako ni desimali, na 1.25 ni namba halali kabisa, haina rangi nyekundu wala alama ya onyo. Ghala lililopokea kilo 980 litaonekana kubwa kuliko lililopokea 1.250, na mtu atakaa mezani apange magunia na magari kwa kufuata orodha hiyo.

Usibadilishe mipangilio ya eneo ya kompyuta nzima kwa ajili ya faili moja, utavuruga kazi zako nyingine. Kwenye LibreOffice, dirisha la kufungulia lina mahali pa lugha: weka Kijerumani, weka nuktamkato, na 1.250 itasomwa kama ilivyokusudiwa. Kwenye Excel, katika ile njia ya kuleta data, chagua kuibadilisha kwanza, kisha geuza aina ya safu ya kilo kwa kufuata eneo, nalo liwe Ujerumani. Wapo watakaokushauri uandike sep=; kwenye mstari wa kwanza wa faili. Excel inaielewa. Programu nyingine zitaihesabu kuwa mstari wa data, kwa hiyo sikushauri kama faili litapita kwenye mikono mingi.

Kwa siku zijazo andikianeni makubaliano ya sentensi moja: hakuna alama ya maelfu kwenye namba yoyote, na desimali ni nukta. 1250 ni 1250 Kongwa na ni 1250 Berlin.

SWALI

Shikamoo Mama. Ninaandikisha kaya za Ng'hong'onha na vijiji vya Mpwapwa. Jina la kata likitoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta linakuwa Ng’hong’onha. Bosi amesema tuache kuandika ritifaa, ile alama ya ' kwenye ng'. Tena kuna mtu mmoja wa Kibakwe ametoweka kabisa kwenye orodha.
*Mwandikishaji*

JIBU

Marahaba. Msiache. Hilo ni jina la mahali na watu wake wapo. Nchi yetu imejaa ng' kuanzia ng'ombe hadi Ng'humbi, na programu yoyote inayofaa kufanyia kazi Dodoma lazima iweze kuibeba.

Simu yako inaandika ritifaa iliyopinda, si ile iliyonyooka ya kibodi. Katika UTF-8 ritifaa iliyopinda inachukua baiti tatu, yaani vipande vitatu vya hifadhi ya kompyuta. Kompyuta inayolisoma faili kwa usimbaji wa zamani wa Windows inaiona kila baiti kama herufi kamili, ndiyo maana unapata tatu ngeni mahali pa moja. Chagua UTF-8 unapoleta faili, au hifadhi kwa aina ya CSV yenye jina UTF-8 kwenye Excel. Hii ya pili inaweka baiti tatu za utambulisho mwanzoni kabisa mwa faili. Hazionekani, lakini programu nyingine huziunganisha na kichwa cha safu ya kwanza halafu hudai hakuna safu inayoitwa namba. Ukilikuta hilo, sababu unayo.

Mtu wa Kibakwe nadhani najua alikokwenda, kama majina ya orodha hiyo yaliandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi. Tazama:

017,Ng'hambi,40
018,Kibakwe,55
019,Ng'hambi,62

Mahali fulani kwenye mipangilio, alama ya kuzungushia maandishi imewekwa ritifaa badala ya alama za usemi. Zipo programu zinazoitambua alama hiyo hata katikati ya neno. Zikifika kwenye Ng' ya mstari wa 017 zinasema maandishi yamefunguliwa, na hazifungi mpaka zikutane na Ng' ya 019. Mikato na mistari yote iliyo katikati inamezwa ndani ya kisanduku kimoja. Wa 018 ametoweka, wa 019 ametoweka, na zile 62 ameandikiwa wa 017. Hukusema wa 019 naye hayupo, mtafute. Ng'hong'onha yenyewe ingepita bila madhara makubwa zaidi ya kupoteza ritifaa zake, kwa sababu ina mbili na zinafungana. Rudisha alama ya kuzungushia iwe ya usemi, na uingize faili upya kutoka mwanzo, usijaribu kuokoteza mistari kwa mkono.

SWALI

Mwanangu, mimi ni mzee nimestaafu, nasaidia hesabu za kikundi chetu cha zabibu Hombolo. Kijana ametuletea jedwali kutoka kwenye faili la mzani. Msimu wa Agosti mwaka huu umeonekana mdogo ajabu na wa Machi mkubwa, wakati sisi tulioko shambani tunajua ni kinyume. Na tarehe nyingine zimeegemea kushoto, nyingine kulia.
*Mzee wa Hombolo*

JIBU

Shikamoo mzee. Macho yako yameona kitu ambacho wengi wangekipita, hasa hilo la kushoto na kulia.

Kompyuta ya kijana imepangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza kisha siku. Mzani uliandika 03/08, tarehe tatu Agosti. Kompyuta ikasoma tarehe nane Machi, ikaridhika, ikaisogeza kulia kama inavyofanya kwa tarehe zote ilizozielewa. Ilipofika 13/08 ikatafuta mwezi wa kumi na tatu, haikuupata, ikaiacha kama maneno upande wa kushoto. Mazao mengine yangejulikana mara moja, maana nani avune mahindi mwezi usio wake? Zabibu zetu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na karibu na Agosti, kwa hiyo hiyo tarehe tatu iliyogeuzwa imeangukia kwenye msimu wa kweli na hakuna aliyeshtuka isipokuwa ninyi mnaolijua shamba. Nyingine za mwanzo wa Agosti zimetawanyika kwenye tarehe nane za miezi mingine. Yale ya tarehe 13 na kuendelea yamekosa kuhesabiwa kwenye msimu wowote. Ndiyo maana Agosti imepungua pande mbili.

Mwambie kijana asigeuze tarehe kwa mkono kwenye jedwali hilo, kwa sababu zile za kulia zimekwisha badilishwa na zile za kushoto hazijaguswa, atazichanganya. Alitupe, alichukue faili la mzani upya, na wakati wa kulileta aiambie safu ya tarehe kwamba mpangilio ni siku, mwezi, mwaka. Kama mfumo wa mzani unaruhusu, auwekee mwaka mbele: 2024-08-03. Halafu akae nawe na daftari la mzani, mkague siku kumi na mbili za mwanzo za Agosti, mzigo kwa mzigo, kwa sababu hizo ndizo zilizohama, isipokuwa ile ya tarehe nane mwezi wa nane, ambayo ikigeuzwa inabaki pale pale.